Nukta Mbili Chini ya Kikombe

Ijumaa, muda mfupi baada ya magharibi. Mvua iliyoanza adhuhuri imekatika, lakini makuti ya banda la jiko bado yanadondosha maji, na mimi nimekaa chini yake na simu ya mama.

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Sijamwambia mama, sijamwambia Zainabu, na bibi ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye ningethubutu kumwambia. Jumatatu, kwa mikono yangu hii, nilifuta jina la bibi yangu. Nililifuta kwa jivu, kwa ndimu na kwa msasa, likaisha kabisa. Na nikasifiwa.

Najua blogu hii ina wasomaji kumi na mmoja, na wawili kati yao ni mimi mwenyewe nikiingia kuhakikisha kwamba bado ipo. Labda ndiyo sababu naweza kuyasema haya hapa.

Acha nianze mwanzo. Nina hasira, na nikiwa na hasira huanzia katikati, halafu mama huniambia hajaelewa kitu.

Shule niliyomaliza mwaka jana ni kongwe. Iko juu ya ukingo wa bahari hapa Msambweni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Zamani ilikuwa ya wavulana peke yao, tena wengi wao wakitoka mbali na kulala mabwenini. Sisi wasichana tuliingizwa baadaye sana. Kesho, Jumamosi, kuna sherehe kubwa ya wanafunzi wa zamani, na ghala lililo nyuma ya maktaba limegeuzwa chumba cha maonyesho. Mimi na Zainabu, niliyesoma naye, tuliitwa kusaidia kwa sababu tumemaliza kidato cha nne na tunasubiri tu, na kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Sijisifu. Ni kitu pekee ambacho walimu wananikumbuka nacho. Kwa miaka minne sikuwahi kunyoosha mkono darasani.

Msimamizi wa maonyesho ni Mwalimu Ruwa, naibu wa mwalimu mkuu. Si mtu mbaya. Nataka niandike hivyo mapema, maana nikifika mbele huenda nisiweze.

Kazi ya Jumatatu ilikuwa vikombe. Kabati zima lilikuwa limejaa vikombe na ngao za michezo: mpira, riadha, kuvuta kamba, kuogelea. Vyote vilikuwa vyeusi kama masufuria ya harusini. Mwalimu Ruwa alileta chupa ya dawa ya kung'arishia, ikaisha kabla hatujamaliza safu ya kwanza. Zainabu akasema, "Shoga, hii dawa ya mjini haituwezi. Tufanye kama nyumbani." Akaenda jikoni kwa wapishi, akarudi na jivu, ndimu sita na makumbi ya nazi.

Yeyote aliyelelewa huku anajua. Msichana wa kwetu hupimwa kwa sufuria. Ukiosha sinia la shaba na bibi arusi asione meno yake ndani yake, watu watakutaja mpaka kwenye matanga. Mimi ni mwoga wa watu, siwezi kucheza mbele za watu, siwezi kuimba, lakini kusugua naweza. Tulisugua mpaka vidole vikachonyota.

Kikombe cha kuogelea kilikuwa cha mwisho. Ni kikubwa, kina masikio mawili, na mbele kuna kibati chenye maandishi ya Kiingereza yaliyochongwa na fundi. Nilipokigeuza, chini ya kitako niliona mikwaruzo. Haikuwa na mpangilio, imejaa uchafu mweusi, kama kitu kilichoburutwa sakafuni. Jivu halikuitoa. Ndimu haikuitoa. Mtu mwingine angeacha, kwani nani atatazama chini ya kikombe? Mimi nikaenda karakana, nikaomba kipande cha msasa.

Nilisugua robo saa nzima. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu, wenye mkia uliopinda kwenda chini, ambao ulikataa kutoka. Nikaukazania. Ukatoka.

Mwalimu Ruwa alipopita alikiinua kikombe kile mwangani, akaita walimu wengine wawili. "Tazameni kazi ya huyu binti. Mpaka chini!" Akaniambia atanipa barua nzuri ya kwenda chuo cha ualimu. Nilitembea nyumbani nikiwa na furaha, na sasa nikiikumbuka furaha ile natamani kuitapika.

Jumanne tukafungua sanduku la vioo.

Sikuwahi kuona vitu kama vile. Ni vipande vya kioo vya ukubwa wa kiganja, viwili viwili vimebandikwa pamoja kwa utepe mweusi pembeni, na katikati yake kuna picha. Ukikilaza mezani huoni kitu, ni giza tu. Ukikiinua dirishani, watu wanatokea. Mwalimu Ruwa alituonyesha na taa ya vioo hivyo, mashine ya bati iliyoliwa na kutu. Zamani walikuwa wakiweka kioo mbele ya taa, na picha inaangukia kwenye shuka jeupe, kubwa kama ukuta, shule nzima inatazama. Alisema tutavipanga kwenye rafu ya dirisha ili jua lipite ndani yake, na mimi nitaandika kadi ya kila kimoja, nikinakili maneno yaliyoandikwa kwa wino kwenye utepe.

Nikawa nainua kimoja kimoja. Wavulana wakichimba bustani. Wavulana wakiwa wamepiga mstari. Mzungu aliyekuwa mkuu wa shule, amevaa kofia. Kisha nikainua kimoja, na mkono wangu ukasimama wenyewe.

Ni pwani. Wavulana watatu wamesimama wakiwa na kaptula zilizolowa. Pembeni yao kuna msichana wa miaka kumi au kumi na mmoja, amejifunga leso kifuani na leso imemgandama, maji yanamtiririka miguuni. Ameshika kikombe. Kikombe kile kile nilichokisugua. Amekikumbatia kwa mikono miwili, na kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kimepinda kuelekea nje, kama ndoano.

Kidole hicho ninacho. Mama anacho. Bibi anacho.

Kwenye utepe kumeandikwa: "Washindi wa kuogelea. Kikombe kimeshikwa na binti wa mpishi."

Inabidi nieleze jambo la aibu. Bibi Mariamu, mama yake mama, amevuka miaka themanini na anaishi nasi. Tangu nina akili amekuwa akisema kwamba aliwashinda wavulana wa ile shule kuogelea. Na tangu nina akili nyumba nzima imekuwa ikicheka. Mjomba Hamisi akija kutoka Lunga Lunga lazima aulize, "Na papa je, mama, naye ulimshinda?" Bibi hujibu, "Papa alikuja wa pili. Wewe ndiye ungekuwa wa mwisho." Watu wanavunjika mbavu, na bibi anacheka nao.

Mimi pia nilikuwa nacheka.

Jumanne ile nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilimkuta bibi ukumbini anachambua mchele kwa vidole, maana macho yake yana mtoto wa jicho na sasa anaona vivuli tu. Nikamwambia, shikamoo bibi, nimeona picha yako. Akasema marahaba, akaendelea kuchambua. Nikamwambia umeshika kikombe. Vidole vikasimama.

"Nimevaa nini?"

"Leso, bibi. Imelowa."

"Ya maua makubwa?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa ya mama," akasema. "Nilipigwa kwa ajili yake."

Halafu akanieleza, na safari hii sikucheka. Baba yake, Bakari, alikuwa mpishi wa shule. Bibi na mama yake walikuwa wakienda mwambani maji yakitoka, wakichokoa pweza, na kuwauza jikoni. Siku ya mashindano kila bweni lilitakiwa kutoa waogeleaji wanne kuzunguka pipa lililotiwa nanga nje na kurudi ufuoni, na bweni la atakayefika kwanza ndilo linalochukua kikombe. Bweni moja likapungukiwa na mtu kwa sababu mvulana mmoja alishikwa na homa.

"Mwalimu wao akaangaza macho, akaniona nimekaa na kapu langu. Akasema, huyu naye aingie ili watimie. Sikuitwa nishinde, mwanangu. Niliitwa nitimize idadi."

"Ikawaje?"

"Wale vijana walikuwa na nguvu, lakini wengi ni watu wa bara. Walipiga maji moja kwa moja kama wanaolima. Na pale mlangoni mwa mwamba kuna mkondo. Sisi wa pweza tunaujua. Unauacha ukuchukue kidogo, halafu unaukata kwa ubavu. Wao walikuwa wanarudi nyuma na wanajiona wanakwenda mbele." Akacheka mpaka akashika kifua. "Nilifika, nikakaa, nikaanza kukamua leso. Ndipo wa pili akatoka majini, ananiuliza pipa nimelizunguka au nimelipungia mkono."

Mkuu wa shule akampa kikombe ashike, picha ikapigwa, kisha akakichukua mikononi mwake. Wiki kadhaa baadaye picha ilionyeshwa kwenye shuka. Bibi alitazama akiwa dirishani mwa jiko, akajiona mkubwa kuliko mlango. Akasikia majina ya wavulana watatu yakisomwa, na watu wakipiga makofi. Akasubiri la nne.

Nilijua lilisomwaje. Nilikuwa nimesugua kibati kile herufi kwa herufi. Kina jina la bweni, majina matatu ya wavulana, kisha maneno ambayo kwa Kiswahili ni: na mwingine.

Na mwingine!

Fundi alilipwa kuchonga. Alikuwa na nafasi, nimeitazama, inatosha majina mengine mawili. "Mariamu" ni fupi kuliko majina yote matatu yaliyoandikwa pale. Mtu alikaa, akafikiri, akaona heri atie neno hilo kuliko jina la mtoto aliyewaletea kikombe chenyewe.

Nikamwambia bibi ni dhuluma. Sijui kama nimewahi kulitamka neno hilo kwa sauti kabla ya siku ile. Bibi akatikisa kichwa.

"Jina langu lipo. Kikombe kililetwa jikoni kioshwe kabla hakijafungiwa kabatini. Baba akakiosha. Halafu akachukua msumari. Herufi za shule hakuzijua, alijua za chuoni, za Kurani, ndizo alizonifundisha na mimi. Akageuza kikombe, akaniandika. Akaniambia, 'Juu wameandika wao. Chini tumeandika sisi.' Kesho ukienda kigeuze utazame. Baba yangu hana picha, mwanangu. Kaburi lake halina jiwe. Mwandiko wake ni huo tu duniani."

Nilisema, "Ndiyo, bibi."

Nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka mama akaja kugonga.

Kuna kitu kinaniuma kuliko vyote. Mimi herufi hizo ninazijua. Nimesoma chuoni tangu nina miaka mitano, kila alfajiri ninazisoma. Kama mikwaruzo ile ingekuwa kwenye karatasi, ningeitambua usingizini. Lakini ilikuwa chini ya kikombe cha shule, na kwenye vitu vya shule macho yangu yamezoea kutafuta herufi za shule peke yake. Kilichobaki chote kwangu kilikuwa uchafu. Na mkia ule uliokataa kutoka, ule nilioukazania, ulikuwa mkia wa herufi ya mwisho ya jina lake.

Jumatano nilifika shuleni kabla ya mlinzi kumaliza chai yake. Nikakigeuza kikombe dirishani. Kimeng'aa. Nilijiona uso wangu wote ndani yake.

Nikapitisha kidole. Nikapitisha tena. Karibu na katikati kidole kikaingia kwenye kishimo, halafu kingine kando yake. Nukta mbili. Mistari aliikwaruza juu juu, lakini nukta alizipiga kwa msumari na nyundo, au kwa jiwe, zikazama. Ni nukta mbili za herufi ya ye, katikati ya Mariamu. Msasa wangu haukuzifikia.

Nilizitazama mpaka Zainabu akaja na kuniuliza kama nimeona nyoka.

Alhamisi nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Ruwa bila kuitwa. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye kiganja. Nikamwambia kwamba yule msichana wa kwenye kioo ni bibi yangu, kwamba yeye ndiye "na mwingine", na kwamba naomba kadi yake iandikwe jina. Sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliniambia nirudie mara mbili.

Alinisikiliza. Kisha akatabasamu, kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionichoma.

"Binti, wazee wetu wana hadithi nyingi. Mimi mwenyewe babu yangu alikuwa akisema alipigana na simba huko Shimba Hills. Maonyesho yanataka ushahidi. Utepe unasema kikombe kimeshikwa na binti wa mpishi. Ameshikishwa tu, ili wavulana wapigwe picha. Kwanza nilifikiria kioo hicho tukipange kwenye rafu ya wafanyakazi wa zamani. Pale pamoja na picha za jikoni."

Nilikuwa nataka kumwambia kuhusu jina la chini ya kikombe. Huo ndio ushahidi! Ulikuwepo tangu bibi akiwa mtoto, ukasubiri kabatini pamoja na mende, na mtu aliyeutoa ni mimi, na yeye aliwaita walimu waje wanitazame. Ningesema nini? Kwamba ushahidi ulikuwepo mpaka Jumatatu?

Kwa hiyo nikauliza swali ambalo halikuwa kwenye kiganja.

"Mwalimu, mbona amelowa?"

Tabasamu likafifia. Nakumbuka kwamba lilififia. Nadhani kwa muda huo alimwona.

Halafu akacheka. "Labda alikuwa akiosha vyombo."

Nilitoka. Sikuaga, na kwetu kutoka mbele ya mtu mzima bila kuaga ni jambo ambalo mama angelisikia angefunga virago. Nilitembea mpaka nyuma ya maktaba. Kuosha vyombo! Mtu anaosha vyombo mpaka kichwani? Anaosha vyombo pwani, mbele ya wavulana watatu waliolowa vile vile, na chombo anachokiosha ni kikombe cha kuogelea? Mtoto wa darasa la pili angekiangalia kioo kile na kujua. Ushahidi umo mle ndani, unatiririka. Lakini mtu aliyeandika utepe alikuwa na cheo, na msichana alikuwa wa jikoni, basi hata maji yaliyo mwilini mwake ni ya jikoni.

Na sisi tunanakili. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mzungu yule alikwisha kwenda zake, na hakuna anayetushikia fimbo. Tuna kalamu zetu, kadi zetu, shule yetu, wasichana wetu, na bado nimepewa kazi ya kuandika upya, kwa mwandiko mzuri, kwamba bibi yangu alishikishwa. Wajukuu wa wale wavulana watatu wamealikwa kwa barua, wataketi mstari wa mbele na kupewa maua. Bibi yangu anakaa mwendo wa nusu saa. Hakuna aliyefikiria hata kumuuliza kama angependa kiti.

Jioni hiyo bibi aliniuliza, "Umelisoma?"

Nikamwambia, "Nimeliona, bibi."

Uongo. Au robo ya ukweli, kwa ajili ya zile nukta mbili.

"Mkia wa herufi ya mwisho bado mrefu? Baba alikuwa akiuvuta sana. Mwalimu wake chuoni alikuwa akimpiga kwa ajili ya mkia huo."

Nikamwambia, "Mrefu, bibi." Nikainama nikajifanya napanga mkeka.

Sasa leo.

Saa sita na nusu wanaume wote walikwenda msikitini kwa swala ya Ijumaa, Mwalimu Ruwa akiwa wa kwanza, akaniachia funguo. Zainabu akasema njaa inamuua, akakimbia na mwavuli kutafuta viazi karai. Nikabaki peke yangu na vikombe vyote vile vinavyong'aa. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka husikii mawazo yako.

Nilikuwa na msumari mfukoni tangu asubuhi. Siwezi kusema lilikuwa jambo la ghafla.

Nilitawadha kwanza. Sijui kwa nini, kuandika jina la mtu hakuhitaji udhu. Nikatandika leso yangu mezani, nikakilaza kikombe juu yake kichwa chini, nikazitafuta nukta kwa kidole. Kisha nikaanza kumfuatisha babu Bakari. Ndivyo nilivyohisi. Nukta zake zilinionyesha herufi ya ye ilipokaa, na ye ikanionyesha re ikae wapi na mim ya kwanza ikae wapi. Msumari uliteleza mara mbili. Mim ya mwisho niliivuta mkia mpaka karibu na ukingo, mrefu, wa kupigiwa fimbo.

Halafu nikachukua jivu kidogo lililobaki ndooni, nikalipaka ndani ya mistari mpaka ikawa nyeusi.

Mwaka huu wote sijafanya kazi nzuri kuliko ile. Nimeitazama na nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa nusu cha hasira, kwa sababu haikupaswa kuwa hivi. Mtu hapaswi kumwandika bibi yake kwa kujificha, kama mwizi, wakati wengine wanasherehekea.

Zainabu alirudi na viazi, akaniona macho. Nikamwambia ni ndimu.

Mwalimu Ruwa alirudi saa nane. Akakishika kikombe kwa masikio yake yote mawili, akakiweka katikati ya meza, akarudi nyuma kukitazama, akasema, "Safi." Hakukigeuza. Anayegeuza kikombe ni yule anayekiosha, hakuna mwingine. Babu Bakari alilijua hilo.

Kisha akaniuliza kadi ya kioo kile iko wapi, maana zote zimekwisha isipokuwa hiyo. Nikamwambia nitakuja nayo asubuhi. Ninayo hapa mapajani, nimeshaiandika, wino umekauka. Sikunakili utepe. Nimeandika: "Mariamu binti Bakari, aliyefika wa kwanza. Bado amelowa." Nitaiweka pamoja na kioo chake mapema, kabla ya wageni, pale dirishani kati ya washindi. Akitaka kuitoa aitoe mbele ya watu, na mtu amuulize kwa nini. Akininyima barua ya chuo, aninyime. Nimeshaliandika, na kilichoandikwa hapa nimezoea kukifanya.

Bibi atakuja. Mama anadhani nampeleka kuona maua. Hotuba zikiisha milango itafunguliwa kwa watu wote, nami nitamshika mkono mpaka kwenye ile meza. Pana kadi inayosema "Tafadhali Usiguse". Niliiandika mimi. Nitaisogeza kando, nitakiinua kikombe, nitakigeuza mbele ya wajukuu wa wale watatu na mbele ya Mwalimu Ruwa, na nitamwekea bibi kidole chini yake. Mimi ambaye sikuwahi kunyoosha mkono.

Nimefikiria sana nikiweke kidole chake wapi kwanza. Mistari ni yangu, na ya baba yake niliifuta. Siku moja nitamwambia, nikipata moyo, nadhani baada ya kumaliza hasira hii na kubaki na aibu peke yake. Lakini nukta mbili si zangu. Alizipiga yeye, zimebaki, zina kina. Hapo ndipo nitakapoanzia. Nitakiingiza kidole chake kilichopinda kwenye kishimo cha kwanza, kisha cha pili, nami nitakuwa sijamdanganya.

Baada ya hapo najua ataufuata mkia mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyesoma mpaka hapa, hata kama ni mmoja tu. Ukija kesho na kumkuta bibi kizee ameinamia kikombe, anacheka na vidole vyake viko chini, usimwambie kuhusu msasa. Usimwambie kuhusu msumari. Mwulize tu alifikaje kwenye lile pipa, umwache akueleze, halafu usicheke.